Sura ya 6: Gari Lililotoka Mashindanoni

Mazinde ni mahali pagumu kumdanganya mtu kuhusu gari. Mbele yako inapita barabara kuu itokayo Segera kuelekea Same na Moshi, lami iliyonyooka ambako gari lolote lenye nguvu hujionyesha zuri. Nyuma yako Usambara imesimama wima. Mwendo mfupi tu kutoka hapo, pale Mombo, njia ya Lushoto inachepuka na kuanza kupanda: kilomita 33 za kona, genge upande mmoja na bonde la Soni upande mwingine. Unaanza kwenye joto la mita 400 na kidogo juu ya usawa wa bahari, unaishia kwenye baridi ya karibu mita 1,400. Gari lililochoka haliwezi kunyamaza safari nzima.

Kwa hiyo mtu anayeuza gari la spoti lililowahi kushindana, mteja wake akishuka Mazinde, ana uamuzi wa kufanya. Ampeleke kwenye lami iliyonyooka, au ampandishe Soni? Sura hii inamshauri ampandishe Soni, na kabla hawajawasha injini amwambie kila kitu. Nasema hivi kwa sababu ya heshima, na nasema hivi pia kwa sababu ya pesa.

Magari ninayoyazungumzia yanajulikana na kila kijana anayefuatilia mambo haya: Subaru Impreza WRX na STI, Mitsubishi Lancer Evolution, Toyota Chaser na Mark II zenye injini ya 1JZ, Toyota Altezza RS200 yenye gia sita na ile injini ya 3S-GE ambayo Yamaha walitia mkono wao. Mengi yaliletwa na meli kutoka Japani yakiwa yamekwishatumika. Mmiliki wa hapa akabadilisha shokapu na springi, akatoa ekzosi ya kiwandani, akaongeza presha ya tabo, akafunga siti za kubana mbavu na mikanda ya pointi nne, wengine wakachomelea keji ya vyuma ndani. Halafu akalikimbiza. Kwetu hatuna viwanja vya lami vya mbio kama vya Ulaya. Mashindano yetu ni ya barabara za vumbi na matope, na mkoa wa Tanga, wenye barabara zake za mashamba ya mkonge, ni miongoni mwa sehemu zilizoupenda mchezo huu kwa muda mrefu.

Siku ikafika. Mtoto amezaliwa, ada za shule zimeanza, au tu hamu imehamia kwenye gari lingine. Anataka kuuza. Na hapo anaanza kuongea lugha ya yadi: injini haijafunguliwa, rangi ya kampuni, weka mafuta uondoke, bei inazungumzika.

Maneno hayo yana maana kwa IST au Noah ya kupeleka watoto shule. Mteja anataka kusikia kwamba hakuna fundi aliyeingiza spana ndani ya injini, kwa sababu kwenye magari ya kawaida injini hufunguliwa pale tu jambo baya linapotokea. Lakini gari la mashindano lina hesabu nyingine kabisa. Injini iliyopigwa misimu miwili ya mbio bila kufunguliwa ni injini ambayo hakuna anayejua hali ya pistoni zake, ringi zake wala beringi za krenki. Kuisifia kwamba haijafunguliwa ni kumwambia mnunuzi kwamba atakayeifungua ni yeye, na kwa gharama yake. Ninayemwamini ni muuzaji anayesema: ilifunguliwa mwezi fulani, na fundi fulani, hiki kikabadilishwa, kile kikaachwa, risiti hizi hapa. Injini iliyofunguliwa na mkono unaojulikana, kwa tarehe inayojulikana, ni mali. Wauzaji wengi wanalificha jambo hilohilo ambalo lingewaongezea bei.

Mtu atasema hii ni nadharia, kwamba hakuna anayeweza kununua gari lililokwishateswa na wengine akalifurahia. Afrika Mashariki ina jibu lake, na ni jibu la mwaka 1965.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Jambo moja kuhusu mwanzo wake lingepaswa kukumbukwa na kila anayeuza gari: madaraja ya magari hayakupangwa kwa ukubwa wa injini, yalipangwa kwa bei ya dukani. Waandaaji walitaka mwananchi aone gari la bei anayoweza kulipa linavyostahimili barabara anazopita yeye mwenyewe. Tangu siku ya kwanza, basi, mbio katika nchi hizi zilikuwa ushahidi mbele ya mnunuzi. Gari lilipelekwa porini ili liseme ukweli wake. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari, na kwa miaka mingi mbio zilikata Kenya, Uganda na Tanganyika, milima ya Usambara ikiwa kati ya sehemu zilizowatoa jasho madereva kwa utelezi na kona zake. Kuanzia mwaka 1974 zikabaki Kenya peke yake.

Mwaka 1964 Volvo ya Sweden ilileta timu ya kiwanda na magari ya PV544, lile gari lenye mgongo wa mviringo ambalo tayari lilionekana la kizamani. Moja ya magari hayo halikurudi Ulaya. Lilikuwa limekwishatembezwa na timu ya kiwanda kiasi cha kilomita 67,000, na kilomita hizo hazikuwa za kwenda kazini na kurudi. Pasaka ya mwaka uliofuata, ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, wakaliingiza gari hilo kwenye Safari. Walianza wakiwa na namba 1 ubavuni, na wakamaliza wa kwanza, wakiwa wamemwacha mshindi wa pili kwa saa moja na dakika 40.

Kwangu tukio hili lina thamani kuliko ushindi wote wa viwanda vikubwa uliofuata, na ninaamini maelezo yake yako katika kazi ya Joginder mwenyewe. Alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi kabla hajawa dereva, na mwaka 1958 aliajiriwa kuwa mlinzi wa kwanza wa barabarani wa chama cha magari cha Afrika Mashariki cha wakati ule. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu ambao magari yao yamekufa njiani. Mtu wa namna hiyo halitazami gari lililotumika kwa macho ya mteja wa kawaida. Hajali lina kilomita ngapi. Anajali kilomita hizo zililifanya nini, nani alilitengeneza kila lilipovunjika, na ni wapi litavunjika tena. Volvo ile ilikuwa na historia inayojulikana. Kila udhaifu ambao barabara zetu zingeweza kuufichua ulikwishafichuliwa mwaka uliotangulia, kwa gharama ya kiwanda. Gari jipya lingekuwa bado linaficha udhaifu wake.

Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Colt Lancer. Na huku kwetu Bert Shankland, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell kwenye Peugeot 404. Watu waliokuwa na umri wakati ule wanakumbuka jinsi Peugeot ilivyoheshimiwa baada ya hapo. Mbio zililiuza gari. Leo tunaona aibu kusema gari letu limeshindana, na sijui ni lini hasa tulipinduka namna hiyo, ila najua nani anayenufaika. Ni dalali.

Dalali hamjui aliyelikimbiza gari wala hajawahi kulitia mafuta. Anachojua ni bei anayoitaka mwenye mali na cha juu anachotaka kuweka yeye. Historia ndefu inamchelewesha. Kwa hiyo mteja anapouliza, "Kaka, hili limewahi kushindana?" jibu huja haraka: "Hapana, mdogo wangu, lilikuwa la bosi mmoja wa ofisini, analitoa wikiendi tu." Na mteja, ambaye ameshaona matundu manne ya boliti sakafuni nyuma ya siti ya dereva, ananyamaza, anashukuru na kuondoka. Haondoki kwa sababu gari limeshindana. Ameondoka kwa sababu ya lile jibu.

Maana gari la mashindano halifichiki kwa mtu anayejua pa kutazama. Hebu tulitazame kwa karibu, kama fundi mzee atakavyolitazama mteja akimwambia, "Mzee wangu, naomba unisaidie macho."

Mzee haanzi na injini. Anafungua mlango, anainua raba ya mlangoni na kupitisha kidole. Vumbi jekundu. Anainua zulia chini ya miguu ya dereva, vumbi lilelile, limeshikana na gundi. Anachungulia ndani ya taa za mbele na nyuma ya dashibodi. Gari unaweza kulipeleka kuoshwa mara kumi, lakini vumbi lililoingia kwa mwendo wa mbio, madirisha yakiwa wazi, linakaa mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki. Kisha anabonyeza sakafu kutafuta alama za mviringo zilizosagwa na grinda. Hapo ndipo miguu ya keji ilipochomelewa na baadaye kukatwa. Kama ilikatwa, anauliza kwa nini. Keji iliyofungwa vizuri huimarisha bodi, na iliyokatwa vibaya huacha bati dhaifu zaidi ya lilivyotoka kiwandani.

Anafungua boneti. Bado hatazami injini. Anatazama sehemu za juu ambapo shokapu hufungwa kwenye bodi, kulia na kushoto, anakwaruza rangi kidogo kwa ukucha. Gari lililoruka matuta kwa kasi hupasuka hapo kwanza, nyufa nyembamba zinazozunguka boliti au nukta za kuchomelea za kiwandani zilizoachana. Rangi mpya mahali hapo peke yake ni habari tosha. Anaingia chini: sampugadi imekwaruzwa, sawa, ndiyo kazi yake. Lakini reli za bodi zimenyooka? Bushi zimepasuka? Boljointi zinacheza? Gari la lami na gari la vumbi huchoka tofauti. La lami huchoka kwa joto: breki, tairi, na mafuta ya injini yanayokimbilia upande mmoja kwenye kona ndefu, pampu ikabaki inavuta hewa. La vumbi huchoka mifupa.

Ndipo anafika kwenye injini, na anachoomba ni kumwaga oili. Ile plagi ya chini anaishika kwenye mwanga. Ikiwa na sumaku, na imeshika uji wa kijivu mwororo, hiyo ni kawaida, vyuma vinasuguana. Ikiwa na vipande unavyoweza kuvihisi kati ya vidole, kuna kitu kinavunjika. Anapitisha kitambaa cheupe kwenye oili yenyewe, anakigeuza juani akitafuta chembechembe zinazong'aa rangi ya shaba. Sumaku haizishiki hizo. Zinatoka kwenye beringi za krenki, na zikionekana, injini hiyo imebakiza muda mfupi hata kama inanguruma vizuri. Halafu anapima kompresheni, silinda moja baada ya nyingine, injini ikiwa ya moto. Namba yenyewe hutegemea aina ya injini, lakini zote ziwe karibu karibu, tofauti isizidi asilimia 10.

Muuzaji mwenye akili anafanya haya yote kabla mteja hajaja. Anamwita fundi asiye rafiki yake, anamlipa, anaandika matokeo, na anayaweka ndani ya faili pamoja na risiti. Kama bado anayo ile karatasi ya mnada wa Japani, aiweke pia, hata kama ina daraja R, yaani gari lilishagongwa likatengenezwa kabla halijapanda meli. Mteja anayeonyeshwa R na mwenye gari mwenyewe atayaamini mengine yote yaliyomo kwenye faili. Mteja anayeigundua R peke yake hataamini hata rangi.

Nimesema ni suala la heshima pia, na sitaki lipite hivihivi. Waislamu wa ukanda huu, kuanzia Pangani hadi Lushoto, wamefundishwa tangu madrasa kisa cha Mtume alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, na vidole vikarudi na unyevu. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu nafaka iliyolowa, watu waione. Hakulaumiwa kwa sababu ya mvua. Alilaumiwa kwa kuiweka iliyolowa chini. Fiqhi ya biashara ikajengwa juu ya msingi huo: mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa, ana hiari ya kurudisha mali.

Sheria ya nchi imefika karibu na hapo kwa njia yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hailifanyi kila kosa la kunyamaza kuwa udanganyifu. Kama mteja hakuuliza na wewe hukusema, mara nyingi mahakama haitakuhukumu kwa hilo peke yake. Lakini kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana hivyo unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa. Tazama sasa mstari unapopita. Kuuza gari lenye ufa kwenye bodi bila kusema ni jambo moja. Kuujaza ufa huo kwa puti na kuupiga rangi wiki moja kabla ya kuuza ni jambo jingine, na fundi aliyeifanya kazi hiyo ni shahidi anayeweza kuitwa. Kurudisha nyuma kilomita kwenye dashibodi ni vivyo hivyo. Mimi ningependa tusingoje mstari wa sheria. Mtu atakaa ndani ya gari hilo na mkewe na watoto, kwenye kona za Soni, breki zikiwa ndizo zilizokimbizwa misimu miwili.

Na breki ndizo zinazohitaji mlima. Kwenye lami ya Mazinde zitashika vizuri mara moja, mara mbili, hata kama zimechoka. Ukishuka kutoka Lushoto unazikanyaga kwa kilomita nyingi bila kuzipa nafasi ya kupoa. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa, na yakishaunyonya vya kutosha huchemka kwenye nyuzi 155 tu. Yakichemka hufanya mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inakwenda hadi chini. Gari lililoshindana lenye diski za rangi ya bluu na mafuta meusi kwenye kikopo halifai kushushwa mlima huo hata kwa majaribio. Muuzaji amwage mafuta, aweke mapya, abadilishe pedi, na aandike tarehe. Ni gharama ndogo kuliko punguzo ambalo mteja ataliomba akiona.

Kupanda nako kuna habari zake. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Mwenye Altezza asishtuke gari likionekana zito kidogo likikaribia Lushoto, na amweleze mteja mapema. Subaru yenye tabo haitapungukiwa kiasi hicho, lakini tabo italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuleta presha ileile, na kama rejeta imeziba au gasketi ya kichwa imeanza kukata tamaa, mshale wa joto utapanda kabla ya Soni. Mwendo wa kawaida unatosha kuona yote haya. Njia ile ina mabasi, malori ya mboga, bodaboda na watoto wa shule, na haijawahi kuwa mahali pa kuonyeshana gari linakimbia vipi.

Sasa tuje kwenye pesa, ambapo wauzaji wengi huumia. Mtu amenunua gari, akatumia fedha nyingi kwenye shokapu za kurekebishika, rimu nyepesi, klachi ngumu, ekzosi, kompyuta ya injini iliyoandikwa upya. Anajumlisha risiti zote juu ya bei aliyonunulia na kuamini kwamba hiyo ndiyo bei ya kuuzia. Soko halimkubalii. Mteja wa kawaida anaiona klachi ngumu kama adha na kelele ya ekzosi kama mwaliko kwa trafiki. Kwake, kila ulichobadilisha ni sababu ya kupunguza. Mteja wa mashindano ataithamini kazi hiyo, lakini yeye ndiye anayejua bei ya vifaa vilivyotumika, na hatalipa bei ya vipya.

Ushauri wangu ni kuchagua mteja kabla ya kutangaza. Kama gari bado ni la mbio kweli, lina keji, lina siti, lina rekodi, liuzwe kwa watu wa mbio, hata ikibidi kusubiri miezi. Wako Tanga, Moshi, Arusha, Dar es Salaam, wako Nairobi na Kampala, na wengi wanafahamiana. Kwao orodha ya mashindano gari lilikoshiriki ni sifa, pamoja na ajali zake. Kama limebaki na mabadiliko machache tu, lirudishwe kwenye hali ya kiwandani, na vifaa viuzwe kimoja kimoja. Rimu na shokapu zikiuzwa peke yake mara nyingi huleta zaidi ya zinavyoongeza zikiwa garini. Shida ni kwamba mafundi wetu huwa wanaachiwa vipuri vya kiwandani kama taka, na siku ya kuuza mtu anaanza kutafuta ekzosi ya awali ya gari lake kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam.

Mteja wa tatu ndiye ninayemhofia: kijana aliyepata fedha yake ya kwanza, anayetaka mlio na nguvu, asiyejua lolote la keji wala mafuta ya breki. Atalipa bei kubwa kuliko wote na hataomba kuona faili. Mwuzie ukitaka, lakini kaa naye, fungua faili hilo mbele yake, ukurasa kwa ukurasa, na mpandishe Soni yeye akiwa abiria kwanza. Kuna magari yaliyokwisha kuua watoto wa watu katika nchi hii kwa sababu hakuna aliyemwambia mnunuzi anachokinunua.

Mazinde yenyewe ina kumbukumbu ya biashara ya njiani. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, alikuja kuishi hapa chini ya mlima katika karne ya 19 badala ya kubaki na wakubwa wenzake Vugha, makao ya ufalme huko juu, kwa sababu misafara iliyopita kati ya pwani na bara la kaskazini ilipita hapa. Mahali pa namna hii muuzaji na mnunuzi huenda wasionane tena, na ndiyo maana karatasi zina uzito kuliko kawaida.

Karatasi ya kwanza ni kadi ya gari. Ina namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, ujazo wa injini. Gari la mashindano mara nyingi limebadilishwa injini angalau mara moja, na kama mabadiliko hayo hayakufikishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, mnunuzi atakwama dirishani siku ya kuhamisha umiliki, au atasimamishwa na trafiki anayejua kusoma namba iliyopigwa kwenye bloku ya injini. Kazi hiyo ni ya muuzaji, naye aimalize kabla ya kutangaza. Rangi vivyo hivyo: kadi inasema nyeupe na gari ni la bluu lenye mistari.

Ya pili ni bima. Sera nyingi za bima, iwe ndogo au kubwa, haziligusi gari likiwa mashindanoni, na bima kubwa inaweza kukataliwa kama mabadiliko ya injini hayakutajwa wakati wa kukata. Mnunuzi apewe orodha ya mabadiliko yote aende nayo kwa wakala wake.

Ya tatu ni mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Mikataba mingi ya magari ina mistari sita na haisemi chochote zaidi ya bei na namba ya gari. Huu uwe na kiambatanisho: gari limeshindana kuanzia lini hadi lini, limegongwa wapi, injini ilifunguliwa lini na nani, nini si cha kiwandani, nini hakifanyi kazi leo. Pande zote zitie saini kila ukurasa. Kiambatanisho hicho kinamlinda mnunuzi asifichwe, na kinamlinda muuzaji na simu ya miezi mitatu baadaye kutoka kwa mtu anayedai hakujua.

Baada ya hapo umiliki uhamishwe siku zilezile, si kwa ahadi. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na gari la spoti lenye ekzosi kubwa halikosi faini. Muuzaji aliyekabidhi ufunguo bila kuhamisha jina atapigiwa simu na polisi kwa mambo yaliyotokea mikoa ambayo hajawahi kufika. Fomu ijazwe, ushuru wa stempu na ada vilipwe kama mlivyokubaliana nani analipa nini, kadi mpya itoke. Na lile boksi la vipuri vya kiwandani, springi za awali, kompyuta ya awali, boliti zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni, lipakiwe kwenye buti pamoja na faili, kwa sababu mnunuzi huyu naye siku moja atauza.